Makaburi Hayako Barabarani

Juzi kijana mmoja kati yenu, mwongoza wageni mwenye kitambulisho shingoni na simu mbili mkononi, alinipigia kuniuliza: "Mzee, lile handaki la Wajerumani ukitokea Igowole liko upande gani wa barabara?" Nikamwambia hakuna handaki. Akasema lipo, ameliona mtandaoni na lina picha. Nikamwambia picha ile naijua. Huyo aliyesimama ndani ya shimo akinyoosha kidole ni mimi.

Nimechoka kulieleza shimo lile kwa simu, mtu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote.

Kwa miaka minne nilipeleka wageni kwenye shimo lile. Ni refu, limenyooka, limeota majani vizuri, na mwenzako akisimama ndani unaona kichwa chake tu. Niliwaambia wageni kwamba askari wa Mjerumani walilala humo wakimngoja Mwingereza. Wageni walishuka, wakapiga picha, na mama mmoja wa Kizungu alilia. Siku moja mkulima wa jirani akapita na jembe begani, akasimama, akatusikiliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, unawaambia nini hawa kuhusu shimo la baba?" Baba yake alichimba pale udongo wa kufyatulia matofali. Nyumba yenyewe ilikuwa inaonekana kule juu, na bati lake jipya.

Nilikosea wapi? Kwenye kuuliza. Nilimkuta mzee mmoja njiani nikamwambia, "Shikamoo. Mzee, hili ndilo handaki la Wajerumani?" Akaitikia marahaba, akalitazama shimo, akatazama gari, akawatazama wageni, akasema, "Eee, ndilo." Angesema nini? Mgeni ametoka mbali, anafurahi, umwambie hapana? Watu wa huku wana adabu, na adabu yao imewafanya waongoza wageni wengi kuwa waongo. Usimuulize mtu kama hapa ndipo. Muulize hapa palikuwaje, kisha nyamaza, hata kama kunyamaza kunakuuma. Ukimaliza, kamuulize mwingine ambaye hakumsikia wa kwanza. Na waulize akina mama wanaolima, maana jembe lao ndilo linalogonga vitu vilivyo chini.

Hayo nilifundishwa mapema kabisa, nikayasahau, ndiyo maana naandika nikiwa nimekasirika. Sijakasirikia ninyi peke yenu.

Mimi ni mtoto wa Mbeya. Niliingia kazini Iringa mjini, kwenye kampuni ya kutembeza wageni, kwa sababu nilijua kuendesha Land Rover na Kiingereza kidogo. Wengi wa wageni wetu walikwenda mbugani. Lakini walikuwepo wengine, wazee wa Kizungu wenye daftari na ramani kuukuu, waliotaka kuona zilipopigwa vita za babu zao. Hawa hawakutakiwa na mtu pale ofisini. Hawakai kwenye gari, wanauliza maswali, wanataka kupanda kila kilima. Nikapewa mimi, mgeni wa kazi.

Kihehe sikujua zaidi ya kusalimia "kamwene". Kampuni ikanitafutia mtu wa kunisaidia huko Mufindi, mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, Mwalimu Luvanda. Alikuwa mfupi, mwenye koti la sufu alilolivaa hata jua likiwaka, na alikuwa na tabia moja iliyonitesa: hakusimulia kitu akiwa amekaa. Ukitaka habari, utembee naye. Safari ya kwanza nilikwenda na viatu vya mjini. Akavitazama, akasema, "Kijana, hivyo ni vya kumsindikiza bibi harusi," akaanza kupanda mlima bila kunisubiri.

Siku hiyo alinipeleka kwenye kijito, mwendo wa saa moja na nusu kutoka barabarani. Njiani akanisimulia. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, Mjerumani aliposikia adui anakaribia, aliamuru vijiji vile vihame vyote, na chakula na ng'ombe, vishuke kuelekea bonde la Kilombero, ili adui akifika asikute hata kiazi. Ilikuwa masika. Masika ya Mufindi mnayajua, ukungu asubuhi hadi jioni na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Walipofika kwenye kijito wakakuta maji yamejaa. Wakakaa siku kadhaa wakingoja yapungue, na kuni zote mbichi, moto hauwaki. Hapo watoto wakaanza kufa, mmoja mmoja, kisha wazee. Mama yake Mwalimu alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Yeye alipona.

Kando ya kijito kuna jiwe kubwa lililoinama kama ng'ombe aliyelala. Chini ya jiwe, kwenye mteremko, palikuwa na marundo ya mawe kumi na tisa. Mengine madogo, ungeweza kuyatia kwenye beseni. Mwalimu alinipitisha yote, akitembea kando kando asikanyage.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Mwalimu."

"Ukija na wageni, walete hapa. Wakichoka wapumzike, halafu walete hapa."

Nilifanya hivyo miaka kadhaa. Kisha kampuni ikabadilisha ratiba. Safari ya siku tatu ikawa ya siku moja, asubuhi Iringa, jioni Mbeya, na katikati "vituo vya vita" vitano. Vituo vitano mtu atavionaje kwa siku moja? Anaviona kupitia dirisha. Mwalimu Luvanda akafariki, nikamzika, nikasema maneno mazuri kaburini. Baada ya hapo sikupanda tena kwenye kijito. Wageni niliwaonyesha mlima kwa kidole, nikiwa nimeegemea gari.

Sasa tufike kwenye mnara.

Kijiji kiliamua kuadhimisha miaka mia tangu watu wahamishwe. Ikaundwa kamati, mwenyekiti akiwa bwana mmoja mwenye duka la mbolea. Walikuwa watu wa nia njema, sina la kuwasema hapo. Wakapanga kujenga mnara na kuweka kibao. Mimi ndiye niliyekuwa nikijulikana kama mtaalamu, maana Mwalimu hayupo. Mwenyekiti akanipigia nikiwa Uyole, karibu na Mbeya, na wageni sita kwenye gari, mvua inanyesha na tairi limepasuka.

"Tipa la kokoto limekwama," akasema. "Halipandi huko juu. Fundi anauliza mnara tuuweke wapi."

Ningeweza kumwambia asubiri mvua iishe. Ningeweza kumwambia mawe yabebwe kichwani, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa tayari kubeba. Nikamwambia, "Wekeni hapo uwanjani, kando ya barabara, magari yaweze kufika. Si ni eneo lile lile?" Nikakata simu nikarudi kwenye tairi.

Siku ya uzinduzi nikaona kibao: HAPA WAMEZIKWA WATU WETU WALIOHAMISHWA WAKATI WA VITA. Nililisoma lile neno HAPA mara mbili. Kisha nikatazama upande wa pili, foleni ya chakula ilikuwa imeanza, nikaenda kuchukua sahani yangu. Pilau lilikuwa zuri. Nakumbuka hilo pia.

Tangu hapo kila mwaka tukawa na kumbukumbu pale uwanjani. Mnazijua sherehe hizi. Maturubai, viti vya plastiki, spika kubwa kuliko watu, na mshereheshaji anayetangaza kila baada ya dakika kumi kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Kwaya inaimba, inakaa, inaambiwa iimbe tena. Bibi kizee aliyefika asubuhi anapigwa jua hadi mchana, wakati kiti chenye kitambaa cheupe kiko wazi chini ya kivuli. Mgeni rasmi akifika, kila msemaji anamaliza nusu ya muda wake kutaja vyeo vya waliokaa mbele, ndipo anasema itifaki imezingatiwa. Waliokufa kwa baridi wanapewa dakika moja ya kusimama, na dakika yenyewe haifiki, simu ya mtu inalia. Halafu mashada yanawekwa kwenye mnara, na mimi nasimama pembeni nikiwaelezea wageni wa Kizungu, "Hapa." Miaka sita nilisema hapa.

Mwaka wa saba akaja Bi. Sekela.

Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amejifunga kitenge juu ya sweta. Alitoka Makongolosi, huko Chunya, akalala Mbeya, akapanda basi la alfajiri. Familia yake ilitawanyika baada ya vita ile, na baadaye wakaenda Chunya kwenye dhahabu, wakabaki huko. Mjukuu wake aliona tangazo la kumbukumbu kwenye simu. Mshereheshaji akaniita, "Mzee, kuna bibi anauliza maswali, msaidie."

Nilimsalimu, akaitikia, akanishika mkono asiuachie.

"Mwanangu, wanasema wewe ndiye unayejua."

"Najua kidogo, mama."

"Bibi yangu alivuka hapa akiwa msichana. Mdogo wake alibaki. Alituambia kuna mto, na jiwe kama ng'ombe." Akautazama uwanja wote, tambarare kama meza, na magoli ya mpira pande mbili. "Mto uko wapi?"

Wanangu, kazi hii ikikukaa sana unakuwa na jibu la kila kitu. Jibu linatoka kabla hujalifikiria. Nikamwambia, "Mama, unajua mito huwa inahama."

Hakubisha. Alitazama tena uwanja, akatazama mteremko kuelekea juu, halafu akaniuliza taratibu, "Ulihama na jiwe lake?"

Nikautazama mteremko na mimi. Akasema, "Mimi nimetoka mbali. Nitakaa hapa, ukiwa tayari utanipeleka." Akakaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, mgongo ameupa mnara.

Nilizunguka zunguka. Nikajifanya kukagua gari. Mshereheshaji akatangaza mgeni rasmi yuko Mafinga. Nikarudi, Bi. Sekela bado amekaa. Nikamwambia, "Mama, makaburi hayako hapa. Yako juu. Ni mwendo wa saa moja na nusu na zaidi, kwa miguu."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua."

"Na hiki kibao?"

"Nilikosea mimi."

Akanyoosha mkono nimwinue.

Tulipanda polepole, tukipumzika kila alipotaka. Hakuzungumza sana. Mimi ndiye niliyeongea, kuhusu Mwalimu Luvanda, kuhusu maji yaliyojaa, na nikawa nashangaa kwamba bado nakumbuka njia. Kisha tukafika juu nikaacha kuikumbuka. Palipokuwa na nyasi na vichaka pamekuwa shamba la miti, misonobari michanga ya urefu wa kiuno, mistari kwa mistari hadi kwenye kijito. Jiwe la ng'ombe lilikuwepo. Chini yake nilihesabu marundo sita. Nikahesabu tena. Mengine hayakuwepo, na kando ya kijito mawe yalikuwa yamesukumwa majini kwa trekta, pamoja na visiki na udongo.

Mwenye shamba alikuwepo, anapalilia na mke wake. Akaja kutusalimu, mtu mtaratibu tu. Nikamuuliza kuhusu mawe. Akavua kofia.

"Niliuliza kabla ya kusafisha," akasema. "Nilisikia wazee wakisema kuna makaburi huku. Nikaenda kwenye kamati. Wakaniambia makaburi yapo barabarani, yameandikwa kabisa. Nikaenda kusoma, nikakuta ni kweli yameandikwa. Hayo sita yaliachwa kwa sababu trekta lisingefika chini ya jiwe."

Nimewahi kukosea kazini mara nyingi. Nimewahi kumpeleka mgeni kwenye kaburi la babu wa mtu mwingine, nimewahi kulisahau begi la mgeni kituo cha mafuta Makambako. Mengi yalirekebishika. Pale nilisimama nikatazama mawe ndani ya maji, na hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Yule bwana alianza yeye kuomba radhi. Ikabidi nimwambie anyamaze, kwamba aliyesukuma mawe yale ni mimi, nikiwa Uyole, kwa simu.

Bi. Sekela alikuwa amepiga magoti kwenye rundo la kwanza.

"Ni lipi la mdogo wake bibi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Sijui, mama. Na huenda lake halipo tena."

Akang'oa nyasi zilizoota kati ya mawe. "Aliitwa Sekela," akasema. "Jina nilipewa mimi." Akaweka mkono juu ya mawe, akasema jina, akasogea kwenye rundo la pili, akasema jina. Alifanya hivyo yote sita. Kisha akateremka kijitoni, mwenye shamba akimshika, akachovya mkono kwenye maji, akasema jina na huko pia.

Tuliporudi uwanjani mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini.

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati nikamwambia nahitaji kipaza sauti. Nikamweleza kwa nini. Akawa mwekundu wa macho.

"Leo? Mbele ya mgeni rasmi? Unataka kutuaibisha?"

"Aibu ni yangu, nitaisema kwa jina langu."

"Ratiba imejaa."

Ratiba ilikuwa na nafasi moja iliyobaki, neno la shukrani kutoka kwa waongoza wageni. Niliposimama sikutaja cheo cha mtu. Nikasema makaburi hayako hapa, nikasema yako wapi, nikasema nani alisema yawekwe barabarani na kwa sababu gani, nikasema yalikuwa kumi na tisa na sasa ni sita. Mshereheshaji hakujua la kufanya, akamwashiria mtu wa muziki, na muziki ukapigwa, wimbo wa harusi. Mgeni rasmi akatazama saa yake. Mzungu mmoja niliyekuja naye, ambaye hakuelewa neno hata moja, akapiga makofi.

Wiki iliyofuata kampuni iliniambia umri wangu umefika wa kupumzika. Ulikuwa umefika kweli, sikubishana. Kamati iliniandikia barua ndefu ya kunisikitikia. Kibao kilichukua mwaka mzima kubadilishwa, vikao vinne, na hata sasa mnara uko pale pale barabarani, ila neno HAPA limechongwa likatolewa na pamewekwa mshale. Mshale wenyewe waliuelekeza kwenye duka la mwenyekiti, ukarudiwa. Mwenye shamba aling'oa mistari yake ya miti karibu na jiwe bila kusubiri kikao cha mtu. Akina mama wa kijiji walitoa mawe majini wakayapanga ukingoni. Hatukujifanya kujua lipi lilitoka kaburi gani. Yamekaa kwa pamoja.

Basi ninyi mlio na ndege zenu ndogo za kupigia picha na ramani zenye sauti ya kike inayokwambia pinda kushoto, hivyo vyote ni vizuri, ningevipata ningevitumia. Lakini ramani yenu hiyo hiyo hadi leo inaonyesha makaburi yako uwanjani, kwenye goli. Nimewaandikia wenye ramani mara tatu. Nendeni kwa miguu. Vaeni sweta. Anayekuuliza usilolijua, mwambie hujui. Nimejaribu, neno hilo haliui mtu.

Sherehe bado zinafanyika, maturubai na kila kitu, na bado zinanichosha. Lakini zikiendelea kule chini, kundi linapanda. Bi. Sekela huja kila mwaka kutoka Makongolosi, siku hizi na wajukuu na vitukuu, na vijana wawili wanambeba sehemu zenye mteremko. Tukifika kwenye jiwe ananiambia nisimulie. Nasimulia kuhamishwa, nasimulia maji, na nikitaka kuishia hapo ananitazama tu. Basi naendelea na tipa, na simu niliyopokea Uyole, na pilau. Vitukuu wananitazama kama mtu wa ajabu. Mwaka huu nilimaliza haraka, ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka na magoti yananiuma. Nikachukua fimbo yangu nianze kuteremka.

"Rudia," Bi. Sekela akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia.